Sayyid Barghash: Kijana wa fitina aliyekuja kuwanywesha watu maji

Na Mwandishi Wetu, Mdandu



Ndugu msomaji, katika jamii yetu kuna tabia moja ambayo imetuumiza kwa muda mrefu. Kijana akikosea akiwa na miaka ishirini, tunamhesabia kosa lile mpaka anaota mvi. Aliyewahi kuiba sandarusi la viazi ataitwa mwizi hata akiwa amekwenda Hija. Aliyegombana na baba yake ataitwa mkorofi hata baada ya kumzika baba yule kwa heshima zote. Kwa upande wa pili, wako vijana wanaodhani kwamba ujana ni kibali cha kufanya lolote, kwa hoja kwamba watatubu uzeeni. Makundi haya mawili yote yamepotea njia.

Wiki hii nimeona tuyatazame maisha ya mtu mmoja mashuhuri katika historia ya mwambao wetu. Ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Wengi wanamjua kwa jumba la Beit al-Ajaib. Wachache wanajua kwamba kabla ya kukalia kiti kile alikuwa kijana muasi, aliyepigana na nduguye wa baba mmoja, akashindwa na kupelekwa uhamishoni. Wachache zaidi wanajua kwamba mtu huyo aliyepewa nafasi ya pili alikuja kuulizwa yeye, je, na wewe utampa mwenzako nafasi hiyo?

Jeneza la baba usiku wa manane

Oktoba 19, 1856, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki dunia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli. Alikuwa katika meli yake iliyoitwa Victoria, akirejea Zanzibar kutoka Oman. Aliacha watoto wengi, mali nyingi na dola iliyokuwa na pande mbili: Maskati iliyokuwa chini ya mwanawe Thuwaini, na Zanzibar iliyokuwa chini ya mwanawe Majid.

Katika meli ile alikuwemo Barghash, kijana wa miaka kama kumi na tisa hivi. Mtu wa umri huo aliyefiwa na baba yake mbele ya macho yake, katikati ya bahari, tungemtarajia awe na majonzi tu. Lakini moyo wa binadamu una vyumba vingi. Meli ilipofika Zanzibar, Barghash aliushusha mwili wa baba yake usiku na kuuzika kimya kimya, kabla mji haujajua. Usiku huo huo akajaribu kuishika ngome ili asubuhi watu waamke na kukuta mtawala mpya. Jaribio lile halikufaulu. Kulipokucha Majid ndiye aliyetambuliwa kuwa mtawala wa Zanzibar.

Tusimame kidogo hapa. Kijana huyu hakuwa jahili. Alilelewa katika nyumba ya Qur'an na elimu, na alikuwa hodari na mwenye akili kali. Kosa lake lilianzia pale alipoona kwamba kwa kuwa ana uwezo, basi ana haki. Majid alikuwa mkubwa kwake kwa umri, na alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara. Barghash alijiona anafaa zaidi, na huenda kwa uwezo alifaa. Lakini kufaa ni jambo moja, na kunyang'anya ni jambo jingine. Ni vijana wangapi leo wanaopinga uongozi wa msikiti, wa chama au wa familia kwa hoja hiyo hiyo, kwamba mimi nina elimu zaidi ya huyu mzee, basi ni halali kumpindua kwa hila?

Fitina ya mwaka 1859

Miaka mitatu ikapita. Barghash hakukata tamaa, na hakujifunza pia. Mwaka 1859 alijenga urafiki na watu wa kabila la Al-Harthi, waliokuwa na uzito mkubwa Zanzibar na ambao nao walikuwa na manung'uniko yao dhidi ya utawala. Ndani ya nyumba ya kifalme aliwavuta dada zake wawili, Khole na Salme, na mdogo wake Abdulaziz.

Salme alikuwa binti wa miaka kumi na mitano tu. Alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mabinti wa nyumba ile. Kwa kuwa alijua kalamu, ndiye aliyefanywa karani wa fitina, akaandika barua za kuomba silaha na askari. Zingatia, msomaji: elimu ambayo ingeweza kuwa nuru ikatumika kuchochea moto, kwa sababu tu kaka anayependwa ameomba.

Siri ilivuja. Majid aliizingira nyumba ya Barghash, na waliokuwamo wakabanwa kwa kiu na njaa. Dada zake wakamtorosha usiku akiwa amevaa mavazi ya kike, akakimbilia shamba liitwalo Marseille, nje ya mji, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lina uzito kuliko vita yenyewe. Majid, alipoona nduguye hakamatiki, aliomba msaada wa Waingereza. Balozi wao, Rigby, akatoa mabaharia na mizinga. Jumba la Marseille likapigwa na kuharibiwa, watu wakafa. Barghash alirudi mjini kwa siri, lakini nyumba yake ikazingirwa tena, safari hii na askari wa Kiingereza. Akasalimu amri. Akapakiwa melini pamoja na Abdulaziz na kupelekwa Bombay, India.

Hasara ya fitina ile haikuishia kwa Barghash. Mwaka 1861, ugomvi wa Majid na Thuwaini ulipopelekwa kwa mtawala wa Kiingereza wa India, Lord Canning, hukumu yake ilikuwa kuigawa dola ya Sayyid Said vipande viwili. Zanzibar ikawa peke yake na Oman peke yake, na Zanzibar ikatakiwa kulipa riale 40,000 kila mwaka kwa Maskati. Watoto wa baba mmoja walishindwa kukaa kitako na kugawana kwa wema, mgeni akawagawia. Na mgeni akigawa nyumba yako, hasahau kujiwekea chumba.

Bombay: chuo cha aliyeshindwa

Barghash alikaa Bombay takriban miaka miwili. Hapa ndipo njia za watu wenye makosa zinapotengana. Yuko anayeshindwa akageuza kushindwa kwake kuwa chuki, akakaa kijiweni kulaumu kila mtu. Yuko anayeshindwa akafungua macho.

Bombay ya wakati ule ilikuwa na mengi ya kumfungua mtu macho. Reli ilikuwa imeanza kazi mwaka 1853. Bandari ilijaa meli za moshi. Mwaka 1860, wakati Barghash yuko huko, mji ule ulianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtoto wa mfalme aliyetoka katika mji ambao watu wake walichota maji ya visima, na ambao kipindupindu kiliurudia mara kwa mara, aliona kwa macho yake kwamba maji safi ni jambo linalowezekana kama kuna mtu wa kuamua.

Hatuna haja ya kumtengenezea mawazo ambayo hatukuyasikia. Tunayo matendo yake ya baadaye, na matendo hayo yanasema wapi alisomea.

Aliporuhusiwa kurudi Zanzibar, alikuta Majid bado ndiye mtawala. Akakaa kimya. Alikaa hivyo miaka kama tisa, mpaka Majid alipofariki Oktoba 7, 1870 bila kuacha mtoto wa kiume. Kiti alichokitaka kwa jeneza mwaka 1856, na kwa bunduki mwaka 1859, kilimjia mwaka 1870 kwa amani. Watu wangapi wangekuwa hai kama angesubiri tangu mwanzo? Riziki iliyoandikwa haipiti, lakini mwenye pupa huilipia mara mbili.

Mtihani wa kiti

Baadhi yetu tunadhani mtu akishatubia kosa la ujana basi mitihani imekwisha. Kwa Barghash ndiyo kwanza ilianza. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo vilivyokuwa bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Uchumi wa Unguja ulilala chini.

Kabla hajainuka, Januari 1873 akaja Sir Bartle Frere kutoka Uingereza na mkataba mkononi, akitaka biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe. Barghash alikataa. Waingereza wakatishia kuizingira Zanzibar kwa manowari. Juni 5, 1873 akatia saini, na soko la watumwa mjini likafungwa. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Hapa Waislamu inabidi tuseme kweli bila kuona haya. Ni kweli Waingereza hawakuja kwa huruma peke yake, walikuwa na maslahi yao, na mabavu yao yalikuwa dhulma nyingine. Lakini biashara ile ya kuwanyang'anya watu katika nchi za bara na kuwauza kama mbuzi haikuwa na uhalali wa kuutetea. Dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi haiwezi kufanywa ngao ya soko lile. Ingekuwa ni heshima kubwa kwa Barghash kama angelifunga soko kwa hiari mwaka 1871, kabla Frere hajapanda meli. Alilifunga akiwa amebanwa. Kwa historia inahesabiwa kuwa alilifunga, lakini fahari ya uamuzi ilichukuliwa na wengine, na pale palipokuwa na soko likajengwa kanisa. Jema linalofanywa kwa kulazimishwa humnufaisha aliyefanyiwa, ila sifa yake huenda kwa mwingine. Na utumwa wenyewe Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897, miaka tisa baada ya kifo chake.

Maji ya Chemchem

Baada ya hapo ndipo tunapomwona Barghash wa Bombay. Mwaka 1875 alisafiri hadi Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akapita pia Ufaransa. Alirudi akiwa na mawazo mengi na akaanza kazi. Alivuta maji kwa mabomba kutoka Chemchem, nje ya mji, hadi ndani ya mji wa Zanzibar, watu wakanywa bila kulipa. Alinunua meli za moshi zilizokwenda Bombay na kurudi na bidhaa. Alijenga hamamu ya mjini ambayo mtaa wake mpaka leo unaitwa Hamamni. Alianzisha matbaa iliyochapa vitabu vya dini, vikiwemo vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi ambavyo hadi wakati huo vilinakiliwa kwa mkono. Mwaka 1883 likasimama jumba la Beit al-Ajaib.

Jumba lile ndilo lililompa jina kwa watalii. Lakini Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka, na mnara wake ukaenda na sehemu hiyo. Majumba huporomoka, hata ya wafalme. Aliyemnywesha maji mwenye kiu hakuweka amana yake kwenye chokaa na boriti. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa miongoni mwa amali ambazo hazikatiki mtu anapokufa ni sadaka inayoendelea, na wanachuoni wamelitaja sana jambo la maji katika mlango huo.

Hebu fikiri: kijana aliyezingirwa ndani ya nyumba mwaka 1859 mpaka akabanwa na kiu, ndiye aliyekuja kuufikishia mji mzima maji. Kosa la ujana likishikwa vizuri linaweza kuwa mbegu.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Katika utu uzima wake pia aliteleza. Zipo kumbukumbu za wanachuoni wa Kisunni waliopata misukosuko na vifungo katika zama zake kwa sababu ya tofauti za madhehebu, akiwemo Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, ambaye alitoka kifungoni baada ya Barghash kufariki. Mtu aliyechapisha vitabu vya madhehebu yake akawafunga waliosoma vitabu vya madhehebu mengine. Tunaogombana leo misikitini kwa qunuti na maulidi hatuna ubavu wa kumcheka.

Dada aliyegonga mlango

Sasa tumfuate yule karani wa miaka kumi na mitano. Salme alipatana na Majid baada ya fitina, na Majid akamsamehe. Lakini mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba kupatana kule kulimgharimu mapenzi ya Khole na Barghash, waliomwona amewasaliti. Akabaki mpweke katika ukoo mkubwa. Katika upweke ule akafanya kosa jingine kubwa zaidi. Alipatana kimapenzi na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akapata mimba. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko mwaka 1867 akabatizwa, akaitwa Emily na kufunga ndoa. Akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni.

Barghash alipokuwa London mwaka 1875, Salme alikwenda huko kwa matumaini ya kumwona. Waingereza wakamzuia kwa ahadi ambazo, kwa maelezo yake, hazikutimizwa. Mwaka 1885 akafika Zanzibar yenyewe, akiwa katika msafara wa manowari za Kijerumani, akidai mirathi yake. Barghash alikataa kumpokea.

Wapo watakaosema alifanya sawa. Dada ameacha dini, na amekuja amesimama nyuma ya mizinga ya watu wanaotaka kuinyakua nchi. Hoja hiyo ina uzito, na suala la mirathi ya aliyeacha dini lina hukumu yake kwa wanachuoni. Mimi sibishani na hukumu. Lakini mirathi ni jambo moja na salamu ni jambo jingine. Kati ya mwaka 1870 na 1885 kulikuwa na miaka kumi na mitano ambayo mjane yule alikaa Ulaya bila manowari yoyote nyuma yake. Barua moja ya kaka ingeandikwa katika miaka hiyo, ni nani ajuaye kama mwanamke yule angehitaji kupanda meli ya Bismarck? Kalamu yake ndiyo iliyomtumikia Barghash alipokuwa muasi. Yeye alisamehewa damu iliyomwagika Marseille, akarudishwa nyumbani, na mwishowe akapewa kiti. Aliyesamehewa deni kubwa akashindwa kumwulizia hali aliyeandika barua zake.

Tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf (AS). Ndugu zake walimtupa kisimani, wakamwongopea baba yao, wakamsababishia utumwa na jela. Alipokuwa na uwezo wa kuwalipiza, aliwaambia kuwa hakuna lawama juu yao siku ile, akawaombea msamaha kwa Mola wake. Kisha akawaita na wazee wake waje wakae naye. Huyo ndiye kipimo.

Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924. Barghash alitangulia zamani. Alizidiwa na maradhi, akasafiri Oman kutafuta nafuu, na Machi 27, 1888, muda mfupi tu baada ya kurejea Zanzibar, akafariki akiwa na miaka kama hamsini na moja. Hawakupatana.

Ramani iliyofika mpaka Mdandu

Msomaji anaweza kuuliza, haya ya masultani wa pwani yanatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini, katika baridi hii ya Mdandu? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya historia. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya saini za mikataba. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaikingia kifua kampuni yake. Barghash alipinga, na Agosti mwaka huo manowari zikaelekeza mizinga yake kwenye jumba lake. Waingereza, wale wale ambao Majid aliwaita mwaka 1859, hawakumtetea. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana kwamba bara, Sultani anabakiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Huku kwetu Ubena hakuna mtu aliyeulizwa. Wajerumani wakaja kutawala, na mwaka 1905 katika vita vya Majimaji Wabena wa mtemi Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, wakalipa kwa damu na njaa. Sisemi kwamba ugomvi wa ndugu wawili Unguja ndio ulioleta ukoloni. Ukoloni ungekuja tu. Ninachosema ni kwamba nyumba iliyogawanyika ilimkuta mkoloni ikiwa imeshamzoesha kuingia bila hodi.

Njia ya pili ni ya leo. Hapa Mdandu, na Njombe yote mpaka Makambako, mali ya baba ni shamba, na shamba la siku hizi ni miti. Mpaini unahitaji miaka mingi kabla ya kutoa mbao ya maana. Mzee anapanda akijua huenda asiivune. Anapofariki, kabla arubaini haijafika, ndugu wameshagawanyika. Mmoja anauza miti michanga kwa dalali kwa bei ya kutupa, anashika njia ya Makambako ambako barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya na ambako treni ya TAZARA inasimama, anapotea. Mwingine anakwenda mahakamani. Wakili anakula, dalali anakula, na watoto wa marehemu wanabaki na visiki. Ni ngome ya mwaka 1856 hiyo, ila ya mbao.

Na yule aliyepotea mjini akirudi baada ya miaka kumi, kachoka, pengine na mke na watoto, anapokewaje? Mara nyingi anapokewa kwa kisa kile kile cha miti. Waislamu huku ni wachache. Kijana asiyepata salamu ya ndugu zake msikitini ataipata kwingine, na wa kumpa hawatakosekana. Kisha tutakaa tukilalamika kwamba vijana wetu wanachukuliwa. Salme hakuchukuliwa siku alipopanda meli. Alichukuliwa siku alipokosa wa kumtembelea.

Tunachoondoka nacho

Kwanza, kijana ajue kwamba uwezo si haki. Kama unafaa kuongoza, subiri na utumikie. Barghash alikimbilia kiti mara mbili akashindwa, akakipata siku alipokuwa hakikimbilii.

Pili, mwenye kushindwa atafute Bombay yake. Iwe ni gereza, ni kufukuzwa shule, ni kufilisika dukani Kariakoo, angalia pale ulipotupwa kuna nini cha kujifunza. Khalid bin Walid (RA) alikuwa upande wa maadui siku ya Uhud, na huyo huyo ndiye aliyekuja kuitwa upanga wa Allah. Ujuzi aliokuwa nao hakuutupa, aliugeuza kibla.

Tatu, wazee tuwe na mipaka katika kuadhibu. Uhamisho wa Barghash ulikuwa na mwisho. Adhabu isiyo na mwisho haifundishi, inafukuza.

Nne, mirathi igawanywe mapema na kwa mujibu wa sheria ya Allah, kwa mashahidi na kwa maandishi. Usimwachie Lord Canning wa mtaani kwenu akugawie.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote: kipimo cha toba si namna ulivyoacha kosa lako tu, bali unavyomtazama mwenzako aliyekosea kama ulivyokosea wewe. Barghash alifaulu mitihani mingi ya utu uzima. Aliwanywesha watu maji, alichapisha elimu, alivumilia vitisho vya madola makubwa. Katika mtihani wa dada yake, kwa mtazamo wangu, hakufaulu. Tumwombee Allah amsamehe, naye ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyokuwa moyoni mwake.

Ewe ndugu yangu, yupo mtu katika ukoo wako ambaye jina lake halitajwi tena sebuleni. Huenda aliuza shamba, huenda alikimbia na mwanamume, huenda alikudhulumu wewe binafsi. Namba yake ya simu unayo. Usisubiri afike na manowari.

Wabillahi tawfiq.